Picha inayojificha kwenye ukingo wa kitabu

MSOMAJI mpenzi, ikiwa ulisoma shule ya bweni hapa nchini, bila shaka wakumbuka kazi ya kwanza ya jioni ile ya kufungua shule. Kabla hata ya kutandika kitanda, mwanafunzi alikifunga kitabu chake kipya, akakibana baina ya magoti, akaandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo, pale kurasa zote zinapokutana na kuwa kama ukuta mdogo mweupe. Aliandika jina, kidato na nambari ya usajili. Jina lililo ndani ya jalada lingeweza kuchanwa pamoja na ukurasa wake, lakini ni mwizi gani angechana kurasa zote?

Nami nilidhani hivyo hivyo. Nikiwa kidato cha pili, kamusi yangu ilitoweka darasani wakati wa michezo. Haikuwa kamusi tu. Baba, aliyekuwa bawabu wa usiku mjini, aliilipia dukani kidogo kidogo kwa muda wa miezi mitatu, na siku aliponikabidhi aliniambia nisithubutu kurudi nyumbani bila kamusi hiyo. Wiki mbili baadaye niliiona juu ya dawati la mwanafunzi wa bweni jingine. Ilikuwa imevalishwa karatasi mpya ya kaki, ukurasa wa kwanza haukuwapo, na ukingo ulikuwa umekwanguliwa kwa wembe hadi ukawa mweupe pe.

Mwalimu wa zamu alituita sote wawili. Aliigeuza kamusi huku na huku, kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau hadi leo. Alizisukuma kurasa upande mmoja kwa kidole gumba, zikalala moja nyuma ya nyingine kama karata mkononi mwa mchezaji. Hapo jina langu likajitokeza, hafifu lakini lenye kusomeka. Wino ulikuwa umepenya ndani ya kila ukurasa, upana wa unywele tu, mahali wembe haukufika. Mwalimu alipoziachilia kurasa, jina likapotea tena.

"Chukua kamusi yako," akaniambia.

Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba jambo lile lililoniokoa na hasira ya baba ni sanaa kamili. Nchini Uingereza kuna mafundi ambao kwa zaidi ya miaka 300 wamekuwa wakichora mito, majumba, makanisa na meli kwenye kingo za vitabu, kwa namna ambayo kitabu kikifungwa huoni chochote ila dhahabu inayong'aa. Ni sanaa iliyonusurika kufa katika siku zetu hizi, na kisa chake kina funzo kwa yeyote anayefanya kazi kwa mikono yake.

Ilivyo

Chukua kitabu kinene kilicho karibu nawe, msomaji. Kishike kikiwa kimefungwa, utazame ule ukingo wa mbele unaokabiliana na mgongo wa kitabu. Sasa zikunje kurasa zote kwa pamoja, zilale upande mmoja. Utaona ukingo umepanuka. Kila karatasi imejitokeza kidogo nyuma ya mwenzake na kuonyesha mstari mwembamba usiofika hata nusu milimita.

Mchoraji huifanyia kazi mistari hiyo. Hachori kwenye ukingo wenyewe bali kwenye pambizo ya kila karatasi, pale inapojitokeza. Kitabu chenye karatasi 300 huwa na vipande 300 vya picha moja, kila kipande kikiwa chembamba kama uzi. Kurasa zikirudi mahali pake, kila kipande hufunikwa na karatasi ya jirani yake, na picha yote huwa imemezwa.

Kuna mafundi waliokwenda mbali zaidi. Kwa kuwa kila karatasi ina pande mbili, walichora picha moja inayoonekana kurasa zikikunjwa kushoto, na nyingine tofauti kabisa inayoonekana zikikunjwa kulia. Kitabu kimoja kikabeba mandhari mbili ambazo huwezi kuziona kwa wakati mmoja hata ufanye nini.

Mfalme na mwazimaji

Ili kuelewa jinsi sanaa hii ilivyoanza, ni vizuri kujua kwamba zamani vitabu havikupangwa kama tunavyovipanga leo. Katika maktaba nyingi za Kiislamu vililazwa kimoja juu ya kingine, na jina la kitabu likaandikwa kwa wino kwenye ukingo wa chini ili msomaji alione bila kubomoa rundo zima. Barani Ulaya nako, vitabu vingi vilisimamishwa rafuni huku ukingo wa mbele ukitazama nje na mgongo ukitazama ukutani. Ukingo ndio uliokuwa uso wa kitabu.

Ndiyo sababu katika mji wa Belluno, kaskazini mwa Italia, mwishoni mwa karne ya 16, tajiri mmoja aitwaye Odorico Pillone alimtafuta mchoraji Cesare Vecellio ampambie maktaba yake. Vecellio, aliyekuwa na undugu na mchoraji mashuhuri Titian, alichora kingo za vitabu zaidi ya 150. Hata hivyo, picha zake hazikujificha. Zilikuwa pale pale nje, kwa ajili ya kila aliyeingia chumbani.

Wazo la kuficha lilishika mizizi London katikati ya karne ya 17. Kuhusu chanzo chake kuna hadithi ambayo wauza vitabu wa Uingereza hupenda kuisimulia. Wanasema mfalme Charles II, aliyetawala kuanzia mwaka 1660 hadi 1685, alikuwa na rafiki yake, bibi mmoja wa ukoo mkubwa, aliyekuwa na tabia ya kuazima vitabu na kusahau kuvirudisha. Mfalme, kwa kuona haya kumdai, aliwaita mchoraji wa jumba lake, Peter Lely, na mjalidi wake, Samuel Mearne, akawaomba wamtafutie hila. Siku moja bibi yule alikichukua kitabu rafuni akisema ni chake. Mfalme akakitwaa kwa upole, akazikunja kurasa zake, na nembo ya kifalme ikajitokeza mbele ya macho ya wote.

Lely na Mearne walikuwapo kweli na walimtumikia mfalme huyo. Kisa cha bibi huyo ndicho hadithi, na huenda kimetiwa chumvi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuazimwa kitabu na jirani asikione tena hatashindwa kukiamini!

Familia ya Halifax

Sanaa hii ilipata umaarufu wake mkubwa mbali na jumba la mfalme, katika mji wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, uliojulikana zaidi kwa biashara ya sufu. Hapo aliishi mjalidi William Edwards, aliyefariki mwaka 1808. Yeye na wanawe waliigeuza kazi ya kujalidi kuwa biashara ya familia iliyosifika kote nchini.

Mwanawe James alihamia London katika miaka ya 1780 na kufungua duka la vitabu katika mtaa wa kitajiri wa Pall Mall. Mwaka 1785 alipata hataza ya njia ya kuifanya ngozi ya jalada ipenyeze mwanga, ili picha ichorwe upande wa ndani na ionekane kwa nje bila kuguswa na vidole wala vumbi. Pamoja na majalada hayo, familia ya Edwards iliwauzia wateja wake vitabu vyenye picha za siri ukingoni.

Hapo awali picha hizo zilikuwa nembo na maua. Akina Edwards walileta mandhari: magofu ya makanisa ya kale, bustani za mabwana wakubwa, madaraja na mito. Hivyo tajiri aliweza kukimiliki kitabu cha dini au cha mashairi kilichobeba ukingoni picha ya jumba lake mwenyewe. Mgeni asingejua mpaka mwenyeji apende kumwonyesha. Bila shaka hapo ndipo ilipokuwa raha yenyewe.

Kazi ya subira

Sasa tuingie karakanani. Kwanza kitabu chenyewe lazima kifae. Karatasi iwe ngumu kiasi, ukingo uwe umekatwa sawasawa, na mshono wa mgongo uwe imara, kwani kitabu kibovu kikikunjwa hupasuka.

Fundi huzikunja kurasa na kukibana kitabu kwenye jiliwa, kile chombo cha kubania kama cha seremala, huku mbao mbili zikizuia kurasa zisirudi. Huchora mistari ya awali kwa penseli nyepesi. Kisha huchukua brashi nyembamba na rangi za maji. Rangi hizo, licha ya jina lake, sharti ziwe karibu kukauka. Tone moja la ziada huteremka katikati ya kurasa, rangi zikasambaa, na karatasi zikavimba na kugandamana. Hapana kufuta, hapana kurudi nyuma. Kazi ya siku nyingi huweza kuharibiwa na pumzi moja ya haraka.

Picha ikikauka, kitabu hufunguliwa kwenye jiliwa, kurasa hurudi mahali pake, na kitabu hubanwa tena kikiwa kimefungwa barabara. Ukingo husuguliwa uwe laini, hupakwa gundi nyepesi, ambayo kwa desturi ilitengenezwa kwa ute wa yai, na juu yake huwekwa karatasi ya dhahabu nyembamba mno inayoweza kupeperushwa na pumzi. Mwisho husuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae. Dhahabu hiyo ina kazi mbili. Huzuia vumbi lisiingie kwenye kurasa, na hufunika chembe zozote za rangi zilizobaki nje. Siri ikawa imefungwa mlango.

Majina yaliyopotea

Hapa sasa, msomaji, ndipo kisa kinapogeuka. Sanaa hii, kwa mujibu wa ile hadithi ya mfalme, ilizaliwa ili kulinda jina la mwenye kitabu. Lakini jina la fundi halikulindwa na yeyote. Wachoraji wengi hawakutia sahihi wala tarehe. Walilipwa na mjalidi, mjalidi akalipwa na muuza vitabu, naye muuza vitabu akalipwa na tajiri. Yule aliyekaa kwenye jiliwa siku nyingi akikata pumzi alisahaulika kabla rangi haijakauka vizuri.

Mmoja wa wachache waliokataa desturi hiyo alikuwa mwanamke wa mwanzoni mwa karne ya 20 aitwaye C. B. Currie. Bi Currie alitia sahihi kwenye vitabu alivyovichora na kuvipa nambari, kimoja baada ya kingine. Leo vitabu vyake hutambulikana mara moja, ilhali kazi za wenzake wengi ni za kukisia tu.

Ukosefu huo wa majina ulileta madhara mengine. Wafanyabiashara wa karne ya 19 na ya 20 waligundua kwamba kitabu kikuukuu kisichokuwa na mnunuzi kikichorwa ukingoni hupanda bei. Kwa hivyo vitabu vingi vya kale vikachorwa upya. Mnunuzi akaona mwaka wa kuchapishwa, tuseme 1790, akadhani picha nayo ni ya mwaka huo, kumbe ilichorwa zaidi ya miaka 100 baadaye. Mwaka wa kitabu si mwaka wa picha, na bila sahihi ni vigumu kubishana.

Msomi mmoja wa Marekani, Carl Weber wa chuo cha Colby katika jimbo la Maine, alijitwika kazi ya kuvifuatilia vitabu hivi. Mwaka 1949 alitoa kitabu kilichoeleza kingo zilizochorwa 1,001. Maktaba ya umma ya mji wa Boston nayo ina mkusanyiko wa vitabu 258 vya aina hii, vilivyokusanywa na Albert H. Wiggin, mtu aliyejipatia utajiri kwa kazi ya benki. Maktaba hiyo imezipiga picha kingo zake na kuziweka kwenye mtandao wa intaneti. Mwanafunzi aliyeketi Nakuru au Kisumu anaweza kuzitazama bila kulipa nauli ya ndege.

Nani atarithi?

Vitabu vya kuchapwa kwa mashine na kubandikwa kwa gundi vilipoenea, kazi ya mjalidi ilipungua, na ya mchoraji wa kingo ikapungua zaidi. Kwa miaka mingi mtu aliyetajwa mara kwa mara kuwa fundi wa mwisho wa kulipwa kwa kazi hii pekee ni Martin Frost, Mwingereza wa mji wa Worthing kando ya bahari. Alianza katika miaka ya 1970 na amechora vitabu zaidi ya 3,000. Shirika la Heritage Crafts la Uingereza, ambalo tangu mwaka 2017 hutoa orodha ya kazi za mikono zinazoelekea kutoweka, liliiweka sanaa hii miongoni mwa zile zilizo hatarini kabisa.

Tatizo halikuwa kukosa wapenzi. Tatizo lilikuwa kukosa wanafunzi. Mafundi wa kale walizificha mbinu zao jinsi walivyozificha picha zao, kwa kuhofia washindani. Aliyekufa bila mwana au mwanagenzi alikwenda na ujuzi wake kaburini. Wahenga walisema akili ni mali, lakini mali hii ina ubahili wake: ukiizuia isitoke, hukufia mkononi.

Hata hivyo si msiba mtupu. Frost amekuwa akiwafundisha wengine na kuionyesha kazi yake hadharani. Katika miaka ya karibuni vijana wa Uingereza na Marekani wameanza kuchora kingo za vitabu vyao wenyewe na kuonyeshana kwa video za simu. Wachapishaji nao wameona biashara hapo, na wanatoa riwaya zenye kingo za rangi na picha zilizochapwa kwa mashine. Picha hizo hazijifichi, na mashine haihitaji kukata pumzi. Lakini kijana anayevutiwa na ukingo wa riwaya leo huenda kesho akauliza ule uliofichwa hutengenezwaje.

Jaribu nyumbani

Wazazi na watoto wanaweza kujaribu Jumapili hii. Chagua kitabu kikuukuu kinene chenye karatasi ngumu, ambacho ni chako na hakihitajiki tena. Usiguse kitabu cha shule, cha maktaba, cha kuazima wala kitabu kitakatifu cha nyumbani.

Zikunje kurasa upande mmoja. Mtu wa pili asaidie kuzibana katikati ya mbao mbili au vipande viwili vya kadibodi ngumu, mkavifunge kwa kamba imara. Chora kwa penseli kitu rahisi: mlima, jua, mnazi, au nyumba yenu. Chovya brashi kwenye rangi ya maji, kisha ipanguse kwenye kitambaa mpaka iache alama hafifu tu. Paka ukielekea nje ya kurasa, si ndani, ili nywele za brashi zisiingie chini ya karatasi. Acha ikauke kwa saa kadhaa, ndipo ufungue kamba. Rangi kidogo ikibaki nje ya ukingo, ibane tena kurasa zikiwa zimefungwa, uisugue polepole kwa msasa laini.

Picha ya kwanza itaharibika. Ya kwangu ilikuwa Mlima Kenya, ikatoka kama kichuguu kilichonyeshewa. Ya pili ilikuwa afadhali.

Na ukimaliza, msomaji, fanya lile ambalo mafundi wengi wa zamani hawakulifanya. Kwenye kona ya picha, kwa herufi ndogo kabisa, andika jina lako na mwaka.

Kamusi yangu ingali juu ya meza ninayoandikia makala hii. Jalada limechoka na ukingo wake haujapata kuwa na wino tena tangu siku ile ya wembe. Siku niliporudi nyumbani nayo nilimwonyesha baba ile hila ya mwalimu. Alizikunja kurasa kwa kidole chake kikubwa, akalisoma jina, akaziachilia, akazikunja tena. Baba sasa ni marehemu. Mwanangu wa darasa la tatu ndiye anayeikunja siku hizi, na kila mara huniuliza ni nani aliyeliandika jina hilo ndani namna ile. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeliandika ndani. Liliandikwa nje, na wino wenyewe ukajipenyeza.